Mwaka bila koli, zile zamu za kuitwa usiku: nilivyokaa pembeni kati ya rezidensi na feloshipu

Naanza na kalenda maana bila kalenda hii stori haieleweki. Huku Marekani rezidensi ya magonjwa ya ndani, yaani mafunzo ya hospitalini baada ya chuo cha udaktari, ni miaka 3, inaisha Juni 30, na feloshipu nyingi, mafunzo ya ubingwa yanayofuata, zinaanza Julai 1. Yaani jioni unamaliza zamu jimbo hili, asubuhi unatakiwa uwe jimbo lingine, umevaa kitambulisho kipya, unaonyeshwa choo kiko wapi. Kuna programu zimeona huu ni utani zikasogeza tarehe, hasa upande wa upasuaji kuna nyingi zinaanza Agosti 1, lakini kwa wengi wetu katikati pana usiku mmoja tu, na huo usiku wenyewe unahama nyumba.

Mi nikasema hapana, nachukua mwaka wa kupumzika.

Hapo ndo maswali yakaanza. Ukisema una ujauzito wanakuelewa, ukisema mzazi anaumwa wanakuelewa, ukisema unaenda kufanya utafiti wanakupongeza kabisa. Ukisema umechoka wanakaa kimya wanasubiri uendelee, wanadhani huo ni utangulizi na sababu yenyewe inakuja. Haiji. Ndo hiyo. Mkurugenzi wa programu yetu alinisikiliza vizuri tu, mtu mwema yule, halafu akaniuliza kama nimeshaongea na watu wa ushauri nasaha. Mwenzangu mmoja akaniambia dokta usijaribu, ukishaonja mshahara wa kweli na kulala usiku hurudi tena darasani. Na mama ndo usiseme, nimempigia simu namweleza taratibu, kimyaaa, halafu: "Mwanangu, wamekufukuza?" Hapana mama, nimemaliza. "Umemaliza halafu huna kazi?" Mama nitafanya kazi kidogo kidogo, nipumzike, halafu niendelee na masomo. "Bado tu unasoma?" Sasa hapo unamjibu nini mzazi aliyekusubiri miaka yote hiyo.

Nieleweke, sikuwa nimeanguka. Kazi nilikuwa naifanya, wagonjwa wanatoka salama, tathmini zangu nzuri. Ila kulikuwa na kitu. Natoka chumba cha mgonjwa najua potasiamu yake ni 5.8, jana ilikuwa 5.4, kreatinini, kipimo cha figo, inapanda, mkojo umepungua, vyote kichwani bila karatasi, ila ukiniuliza yule mtu ana ndevu au hana siwezi kukwambia. Nimekaa naye dakika kumi. Christina Maslach, yule mwanasaikolojia ambaye mwaka 1981 pamoja na mwenzake walitoa kipimo cha uchovu wa kazi ambacho mpaka leo ndo kinatumika sana, aliugawa uchovu huo mafungu matatu: kuishiwa nguvu, kuwaona watu kama vitu, na kuona unachofanya hakina thamani. La kwanza rezidenti gani hana. La tatu sikuwa nalo. La pili ndo lilinitisha, maana figo ndo naenda kusomea, na mgonjwa wa dayalisisi, wa kusafishwa damu kwa mashine, anakuja mara tatu kwa wiki miaka na miaka, huwezi kuishi naye kama namba.

Na cha ajabu wakati huo huo mwezi wa Juni tunakabidhi kliniki. Kila rezidenti ana wagonjwa wake wa kliniki aliowafuatilia miaka mitatu, ukiondoka unamwandikia anayekuja, kila mgonjwa barua yake. Kuna fomu ya kompyuta, dawa, vipimo vinavyosubiriwa, chanjo, unajaza kama roboti. Nikafika kwa mzee mmoja wa moyo na sukari, nikajaza yote, halafu nikajikuta naongezea chini: "Huyu atakwambia hajambo, kila mara. Mwambie avue soksi." Maana ndo alivyo, miguu imejaa maji mpaka alama ya soksi imezama kwenye nyama na yeye anakwambia hajambo dokta, safi kabisa. Kwa hiyo watu nilikuwa nawaona bado. Wa wodini ndo walikuwa wananipita.

Ukitaka kujua kwanini mfumo huu hauna nafasi ya kupumua angalia ulikotoka. Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1889, William Halsted akajenga mafunzo ya upasuaji ya namna hii, vijana wanaishi humo humo hospitali, hawajui wanamaliza lini, bwana mkubwa ndo anaamua umeiva au bado. Na huyo huyo Halsted kiangazi kikifika anaondoka zake Baltimore miezi kadhaa, yuko kwenye mashamba yake milimani North Carolina anahudumia maua yake ya dalia. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema waliotutangulia hawakuwa wanapumzika huwa nacheka tu. (Mengine ya Halsted, uraibu wake wa kokeini na baadaye mofini, tuyaache, siku nyingine.)

Halafu mwaka 1984 akafariki Libby Zion, binti wa miaka 18, hospitali New York, usiku, akihudumiwa na madaktari wa mafunzo wenye wagonjwa wengi mikononi. Baba yake alikuwa mwandishi wa habari na hakunyamaza. Mwaka 1989 jimbo la New York likaweka ukomo wa masaa 80 kwa wiki, na mwaka 2003 ACGME, wale wanaosimamia mafunzo nchi nzima, wakafanya hivo hivo: masaa 80 kwa wastani wa wiki 4, siku moja huru katika 7. Mi sidharau hizo sheria, watu wamepigania. Ila ziangalie vizuri, zote zinahesabu kupumzika kwa masaa na wiki. Hakuna anayehesabu kwa miaka. Miaka minne ya udaktari, mitatu ya rezidensi, miwili au mitatu ya feloshipu, na kwenye maungio hakuna kitu, unaunganisha tu.

Sasa namna ya kuupata huo mwaka. Watu wanadhani inabidi uombe ruhusa sehemu, hapana, unaupata kwa kutokuomba. Feloshipu za magonjwa ya ndani maombi yanatumwa Julai, intavyu zinaenda mpaka vuli, majibu ya Match, ile kompyuta inayolinganisha orodha yako ya programu na orodha zao za waombaji, yanatoka Desemba mwanzoni, unaanza Julai inayofuata. Wenzako wanaomba mwaka wa tatu unapoanza ili waunganishe. Wewe ukikaa kimya, ukamaliza kwanza, ndo ukaomba ile Julai uliyomaliza, mwaka mzima umeshapatikana wenyewe. Usichotakiwa kufanya ni kuomba na wenzako, ukapata, halafu Machi ndo unakumbuka umechoka. Match ni mkataba unaofunga, huwezi kuwaandikia barua pepe kwamba mnisubiri narudi.

Na inategemea unaenda wapi. Figo kwa miaka mingi nafasi zinabaki bila watu, magonjwa ya kuambukiza vilevile, kwa hiyo huko mwaka wako wa kulala hautamshtua mtu. Moyo na tumbo ni habari nyingine, ushindani mkali, na watu wengi wanaotaka huko huo mwaka wanautumia kutafuta utafiti na majina kwenye makala. Sawa, ila tuuite jina lake, hiyo ni kazi. Namjua jamaa alichukua mwaka "wa kupumzika" akaumaliza na mabango matatu ya mikutano na macho mekundu kuliko alivyoingia.

Kuhusu viza nisipitilize maana najua wengi mnaosoma hapa ndo linawahusu. Mi nina makaratasi ya ukaazi, ndo maana naandika kwa raha. Ukiwa na J-1, viza ya mafunzo, ukimaliza programu una siku 30 za kufunga mizigo, basi, hakuna kukaa mwaka unajitafakari. Halafu J-1 ya daktari ina ukomo wa miaka 7 kwa jumla, na mwishoni kuna ile ya kurudi nyumbani miaka miwili, isipokuwa upate msamaha, kwa mfano ule wa Conrad ambapo kila jimbo lina nafasi 30 kwa mwaka na unafanya kazi miaka 3 sehemu yenye uhaba wa madaktari. Wapo wanaotoka rezidensi wakaenda huko kwanza, wakamaliza miaka yao 3, ndo wakaomba feloshipu kwa viza nyingine. Sio mapumziko hayo ila wengi niliowasikia wanasema walirudi shule wakiwa watu tofauti. H-1B, viza ya kazi, unapewa mpaka siku 60 kazi ikikatika. Kwa hiyo ukiwa kwenye kundi hili ongea na mwanasheria kabla ya kuongea na mimi.

Hela. Rezidenti mshahara sio siri, na anayetoka rezidensi akaingia kazi ya wodi kama daktari kamili analipwa kama mara tatu mpaka nne yake. Hii kazi ya daktari wa wodi tu, hospitalisti, ambayo Robert Wachter na Lee Goldman ndo waliipa jina mwaka 1996, mara nyingi unafanya siku 7 unapumzika siku 7. Ukisikia hivo unasema si ndo mapumziko yenyewe? Sio. Siku 7 za masaa 12, halafu siku mbili za kwanza za mapumziko umelala, siku ya mwisho unawaza kesho. Wengi walioniambia wanachukua mwaka kabla ya feloshipu kumbe walichukua kazi ya kudumu ya mwaka, wakalipwa, wakalipa madeni, hongera zao kabisa, ila wameenda feloshipu wamechoka vilevile na gari jipya.

Mi nilichagua lokamu, kazi za muda za kujazia nafasi hospitalini, za hapa na pale, vipande, za kutosha kodi na chakula na kumtumia mama. Tatizo la lokamu ni makaratasi yanaanza mapema mno. Leseni kamili ya jimbo, tena tuliosoma nje majimbo mengi yanadai miaka zaidi ya mafunzo kabla hawajakupa. Namba ya DEA, wakala wa serikali kuu wa dawa za kulevya, ya kuandika dawa zenye udhibiti, hiyo dola 888 kwa miaka 3. Halafu hospitali yenyewe inakuchunguza upya, inawaandikia waliokufundisha, miezi mitatu ni kawaida na inaweza kuzidi. Ukianza kufuatilia Juni, utaanza kazi majani yanapukutika. Anza Januari. Na bima ya kushtakiwa, uliza swali moja tu: nikiondoka halafu mtu akanishtaki baadaye kwa kazi niliyofanya hapa, nani analipa? Kuna bima zinazokulinda kwa madai yanayokuja ukiwa bado ndani tu, ukitoka inabidi inunuliwe nyongeza ya baadaye, na hiyo nyongeza sio bei ya soda. Waandike kwenye mkataba kwamba wanailipa wao.

Bima ya afya yako sasa, maana daktari naye anaumwa. Ukimaliza rezidensi bima ya mwajiri inakatika, na kuna sheria ya COBRA inayokuruhusu kuendelea na bima ile ile mpaka miezi 18 lakini unalipa yote mwenyewe, mpaka asilimia 102, ile 2 ya usumbufu wao. Inauma. Ila una siku 60 za kuamua na ukiamua inarudi nyuma mpaka siku ile iliyokatika, kwa hiyo anayechukua mwezi mmoja tu kati ya hapa na pale anaweza kukaa akiangalia, akivunjika mguu analipa malimbikizo na anatibiwa, asipovunjika basi. Mwaka mzima huwezi kufanya hivo, nilinunua ya soko la bima, na ukipoteza bima ya kazi una siku 60 za kujiandikisha bila kusubiri msimu.

Wenye mikopo ya serikali wanaohesabu malipo 120 ili deni lifutwe, mwaka wa kukaa hauhesabiwi lakini haufuti uliyokwisha kulipa, sio lazima yafuatane. Hili watu wengi hawalijui na linawatisha bure.

Mtihani wa bodi. Huu wa ABIM, bodi ya madaktari wa magonjwa ya ndani, unafanyika Agosti, siku nzima, maswali mpaka 240. Unaweza kuusogeza, una miaka 7 ya kuhesabika kama unayestahili kuufanya, lakini usiusogeze, kichwa hakitakuja kuwa na vitu vingi kama kilivyo Julai ile. Kwa hiyo mwezi wangu wa kwanza wa uhuru nilikuwa nasoma kwenye meza ya jikoni, na sijutii, mtihani ungenikalia kichwani mwaka mzima. Mapumziko yalianza jioni nilivyotoka kwenye kile chumba.

Na hayakuwa mazuri mwanzoni, niseme ukweli. Nilidhani nitaamka nimekuwa mtu mpya, kumbe mwili unalala, akili bado inazunguka wodi. Ile ya kuamka usiku unasikia simu ya koli inalia na haipo, sawa, kila mtu anaisema. Ya kwangu iliyonishangaza ni kwamba sikuweza kumsikiliza mtu. Dada yangu ni msimuliaji, akikupigia hakuambii nini kimetokea, anaanza na alivyoamka, nani alipita, jirani alivaa nini. Na mimi namkatisha. Ilianza lini? Imewahi kutokea kabla? Kuna kitu kinaifanya izidi? Akaniambia siku moja, "We, mimi sio mgonjwa wako, nyamaza nimalize." Tulicheka, ila alikuwa kachukia. Miaka mitatu nimefundishwa kwamba maelezo ya mtu ni mfuko, unatia mkono unatoa kitu kimoja unachotaka unafunga. Ilichukua muda sana, mpaka kama katikati ya mwaka, nikaja kushtuka siku moja nimeongea na dada simu imekuwa ya moto sikioni na sijamuuliza swali hata moja. Hiyo hakuna likizo ya wiki mbili ingenipa. Likizo za rezidensi nilikuwa naenda narudi, na wiki ya pili tayari unasoma barua pepe za ratiba.

Kingine sikukitegemea, kuchoshwa na kukaa bure. Kuna siku za Novemba nilikuwa sina la kufanya kabisa na ilinikera, nikawa nazunguka nyumba nafungua friji nafunga. Sikumbuki mara ya mwisho kukosa la kufanya ilikuwa lini, labda sekondari. Nadhani ndo kilikuwa kitu chenyewe, ila siwezi kukithibitisha.

Watu wanauliza kuhusu kusahau. Kilichopata kutu ni mikono. Kuweka mpira kwenye mshipa mkubwa wa shingoni kwa kutumia ultrasaundi, hiyo ukikaa miezi bila kufanya unaona sindano inatetema, na feloshipu ya figo unaanza na mipira ya dayalisisi mapema tu, kwa hiyo nilijiweka wazi kwa wakubwa wangu tangu siku ya kwanza, nikaomba nisimamiwe kwa karibu, hakuna aliyenicheka. Kichwani sikuona tofauti kubwa, zile zamu za lokamu zilinishikilia. Hesabu za asidi na besi za damu hazikunikimbia, kwa bahati mbaya.

Intavyu ndo nilikuwa naziogopa zaidi kuliko zilivyostahili. Nilijiandalia maneno marefu, safari yangu, ukuaji wangu, takataka zote hizo. Halafu wa kwanza akaniuliza kawaida tu, mwaka huu unafanya nini? Nikasema napumzika, na nafanya zamu za wodi kidogo. Akasema sawa. Akaandika kitu. Halafu akaniuliza ningefanyaje mgonjwa wa sodiamu 108, chini mno hiyo, ambayo imeanza kupanda haraka kupita kiasi, na tukakaa kwenye sodiamu mpaka muda ukaisha. Sehemu moja tu ndo walirudia rudia lile swali la mwaka kana kwamba nimeficha kesi polisi, na mi kwenye orodha yangu nikaishusha hiyo programu mpaka chini kabisa, maana kama leo unanishangaa nimelala, nikipata mtoto humo utanifanyaje. Tangu mwaka 2022 ACGME wanataka walau wiki 6 za likizo yenye malipo kwa uzazi au ugonjwa, mara moja ndani ya mafunzo, lakini sheria ni kitu kimoja na sura ya bosi ukiiomba ni kitu kingine.

Kinachobaki kukusumbua ni fomu. Kila leseni, kila hospitali, kila kampuni ya bima utakayoomba maisha yako yote ina kisanduku cha mapengo, eleza kila kipindi ambacho hukuwa kazini wala masomoni, nyingine zinataka hata ukipitisha siku 30 tu. Sio kosa, ni kujaza tu, weka tarehe zako sehemu moja uwe unanakili, na usitofautiane na ulichoandika mwaka juzi. Mi naandika "mapumziko binafsi baada ya mafunzo, pamoja na kazi za muda" na zinapita. Isipokuwa ofisi moja ya leseni, siitaji, wao walirudisha fomu wakidai barua ya mtu wa tatu anayethibitisha, kwa sahihi na tarehe, kwamba miezi ile sikuwa na kazi yoyote. Nikamwambia dada andika wewe, si ndo ulikuwa unanipigia simu kila siku. Akaandika kurasa mbili. Ameanza na alivyoamka.